Mgonjwa Asiyepona Bado Ana Haki ya Kuhudumiwa: Somo Kuhusu Hospisi na Huduma Shufaa

Daktari anaposema kwamba ugonjwa hauwezi tena kuponywa, familia nyingi husikia jambo moja tu: hospitali imemkatia tamaa mgonjwa wetu. Baadhi humrudisha nyumbani na kumwacha na tembe za kawaida za maumivu. Wengine huuza kipande cha shamba au ng'ombe wa mwisho na kumzungusha mgonjwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, wakitafuta dawa ambayo haipo. Mwishowe mgonjwa huaga dunia akiwa katika maumivu makali, nayo familia hubaki na majonzi na madeni.

Kuna njia nyingine. Somo la toleo hili linaeleza huduma shufaa ni nini, hospisi hufanya kazi gani, na wewe mkazi unaweza kufanya nini mgonjwa wako anapofikia hatua hiyo.

Hospisi ni nini?

Huduma shufaa ni matibabu na matunzo yanayompunguzia mtu mateso ya ugonjwa mzito, iwe atapona au hatapona. Hospisi ni kituo au kikundi cha wahudumu waliofunzwa kazi hiyo, hasa kwa wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha. Wengi hudhani hospisi ni nyumba ya kupelekwa watu wakafie. Hapa Kenya, sehemu kubwa ya kazi ya hospisi hufanyika katika kliniki ya kutwa na nyumbani kwa mgonjwa. Muuguzi humtembelea, hupima maumivu, hubadilisha dawa, huwafundisha jamaa namna ya kumtunza, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine.

Hospisi ya kwanza nchini, Nairobi Hospice, ilianzishwa mwaka wa 1990. Baadaye zilifuata nyingine, zikiwemo Nyeri, Meru, Kisumu, Eldoret na Mombasa. Hospitali kadhaa za umma pia zina vitengo vya huduma shufaa.

Huduma hii si ya saratani pekee. Inawafaa pia wenye figo zilizofeli, moyo uliochoka, kiharusi kikali, virusi vya ukimwi vilivyofikia hatua mbaya, na watoto waliozaliwa na magonjwa mazito. Na haihitaji kusubiri siku za mwisho. Mgonjwa anaweza kuipata huku akiendelea na tiba nyingine, na kadiri anavyoianza mapema ndivyo inavyomsaidia zaidi.

Maumivu si ya mwili pekee

Daktari Cicely Saunders wa Uingereza, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa anayekaribia kufa yana sura nne: mwili, akili, mahusiano na watu, na roho.

Chukua mfano wa mzee mwenye saratani ya umio. Mwili unamuuma na hawezi kumeza ugali. Akili haitulii kwa sababu usiku anaogopa kukosa pumzi. Anawaza kuhusu karo ya mtoto wa mwisho, na ugomvi wake na ndugu yake ambao haujasuluhishwa. Tena anajiuliza kama Mungu amemwacha. Ukimpa dawa ya maumivu pekee, umetibu robo moja. Ndiyo maana hospisi huwa na muuguzi, daktari na mshauri nasaha, na hushirikiana na imamu, padri au mchungaji kulingana na imani ya mgonjwa mwenyewe.

Ukweli kuhusu mofini

Dawa inayozua hofu kubwa ni mofini. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya. Kwa matumizi ya nyumbani, mara nyingi hutolewa kama maji ya kunywa kwenye chupa. Yapo mambo manne ambayo kila familia inapaswa kujua.

Kwanza, mofini iliyopimwa vizuri kulingana na maumivu ya mgonjwa haiharakishi kifo. Kupewa mofini hakumaanishi kwamba mgonjwa atakufa wiki hiyo. Wapo wanaoitumia kwa miezi mingi.

Pili, mgonjwa anayeinywa kwa sababu ya maumivu, chini ya uangalizi wa mhudumu, ni nadra kugeuka mraibu. Hata hivyo isikatizwe ghafla bila ushauri wa mhudumu.

Tatu, hutolewa kwa saa maalumu. Maumivu ya kudumu huhitaji dawa ya kudumu. Ukingoja mgonjwa aanze kulia ndipo umpe, umechelewa, na kuyatuliza itakuwa kazi zaidi.

Nne, karibu kila anayeitumia hufunga choo, kwa hivyo uliza dawa ya kulainisha choo siku ile ile. Usingizi na kichefuchefu vinaweza kutokea siku za kwanza, na mara nyingi hupungua. Mgonjwa akilala mno hata ni vigumu kumwamsha, au pumzi zake zikiwa chache isivyo kawaida, mpigie mhudumu mara moja. Iweke dawa mbali na watoto, usimpe mtu mwingine, na inayobaki irudishwe kituoni.

Matunzo ya nyumbani

Mambo mengi yanayompa mgonjwa nafuu hayahitaji mashine.

Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi ikiwa hawezi kujigeuza, na ukague mgongo, makalio na visigino. Ngozi ikianza kubadilika rangi, mwambie muuguzi kabla haijawa kidonda. Shuka ziwe kavu na zisizokunjamana.

Safisha kinywa chake mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa laini na maji safi yenye chumvi kidogo. Paka midomo mafuta isipasuke.

Usimlazimishe kula. Hapa ndipo familia nyingi hugombana, kwa sababu kwetu sisi kumpenda mtu ni kumlisha. Lakini mwili unaoelekea mwisho hauhitaji tena chakula kama zamani. Mpe kidogo anachotamani: uji mwepesi, maji ya dafu, kipande cha papai. Akiwa hana fahamu za kutosha, usimmiminie chochote kinywani, kwa maana kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kidonda kikitoa harufu, usimtenge mgonjwa. Wapo wagonjwa wanaokataa wageni kwa aibu ya harufu pekee, na ipo dawa inayoipunguza. Mwulize muuguzi.

Mgonjwa aambiwe ukweli?

Familia nyingi humficha mgonjwa hali yake ili asivunjike moyo. Nia ni njema, lakini Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mara nyingi mgonjwa huwa ameshajua. Anawaona mnavyonong'ona mlangoni. Naye huanza kuwaficha ninyi kwamba anajua, na kila upande hubaki peke yake na hofu yake.

Wahudumu wa hospisi hufundishwa kuanza kwa kuuliza: “Unaelewa nini kuhusu ugonjwa wako? Ungependa kujua zaidi?” Asiyetaka kujua haki yake iheshimiwe. Anayetaka aambiwe kwa upole, hatua kwa hatua. Ukweli humpa nafasi ya kuomba radhi, kusamehe, kushukuru na kuagiza.

Watoto nao waelezwe kwa maneno mepesi. Kumwambia mtoto kwamba babu “amesafiri” humfanya asubiri safari ambayo haina kurudi, au aogope kila mtu anaposafiri.

Mtunzaji naye anachoka

Katika nyumba nyingi, kazi yote huangukia mtu mmoja, mara nyingi binti au mke wa mwana. Hufua, hupika, hukesha, na wakati mwingine ameacha kibanda chake cha biashara. Wengine hutuma pesa na kupiga simu kuuliza “anaendeleaje.”

Kaeni kikao cha familia mapema. Pangeni zamu za usiku. Anayeishi mjini na hawezi kukesha alipe mtu wa kufua au achukue likizo ya wiki moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtunzaji asipolala atakuwa mgonjwa wa pili nyumbani.

Na kabla ya kuuza shamba au kuitisha mchango kwa ajili ya matibabu mapya, mwulizeni daktari maswali mawili waziwazi: Je, tiba hii itamponya, itamrefushia maisha, au itampa nafuu tu? Na sisi tutagharamika kiasi gani? Kukataa tiba isiyofaa si kumkana mzazi. Pesa hizo zinaweza kununua godoro zuri, dawa, na nauli ya wajukuu kuja kumwona.

Wosia na karatasi

Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na ni salama zaidi mashahidi wasiwe warithi. Wosia wa mdomo pia hukubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida hufaa tu ikiwa mwenye kuusia atafariki ndani ya miezi mitatu. Mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu. Zungumzeni pia kuhusu hatimiliki, madeni, akaunti na mahali anapotaka kuzikwa, mgonjwa angali na uwezo wa kuamua.

Siku za mwisho

Mgonjwa hulala zaidi, mikono na miguu huwa baridi, pumzi hukatika kisha kurejea, na koo linaweza kutoa mkoromo. Mkoromo huo huwatisha walio karibu kuliko unavyomsumbua yeye. Mlaze ubavu. Endelea kumsemesha, kwa sababu huenda anasikia hata kama hajibu. Mshike mkono. Wanaosali wasali kwa sauti ya utulivu.

Kifo kikitokea nyumbani, mjulishe naibu wa chifu wa kata yenu ndogo ili atoe kibali cha mazishi na kifo kisajiliwe. Huduma shufaa haiishii hapo. Mshauri nasaha anaweza kuendelea kuzungumza na wafiwa, hasa mjane, mgane au mtoto ambaye bado hawezi kulala miezi kadhaa baada ya mazishi.

Pa kuanzia

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na Kifungu cha 28 kinalinda utu wake. Haki hizo haziondoki mtu anapokosa kupona.

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au kituo cha afya kilicho karibu. Omba barua ya rufaa kwenda kitengo cha huduma shufaa au hospisi. Beba ripoti zote za mgonjwa na dawa anazotumia. Hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na uulize ni huduma zipi zinazolipiwa. Akiandikiwa mofini na ikakosekana, usirudi nyumbani kimya. Omba kuonana na msimamizi wa kituo na uulize itapatikana wapi na lini.

Maswali ya kujadili nyumbani au kwenye kikundi

1. Katika familia yetu, nani angebeba mzigo wa kuuguza, na wengine wangemsaidiaje?
2. Tuliwahi kumficha mgonjwa hali yake? Tulipata nini, na tulipoteza nini?
3. Ni nini tulichoamini kuhusu mofini kabla ya somo hili?
4. Wewe mwenyewe ungependa kutunzwa vipi, na wapi? Umemwambia nani?