Wanawake Waliotawala: Jibu kwa Swali la Darasani

  

Makala hii tunaiandika kwa kulipa deni. Tulipokuwa tunasomesha tafsiri ya Surat An-Naml kwa darasa la sita, tulifika kwenye kisa cha Malkia wa Sabaa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono na kusema kwamba Mtume (S.A.W.) ameshakataza mwanamke kutawala. Wenziwe wakacheka huku wakiwageukia wasichana. Hapo binti mmoja akauliza: "Maalim, sasa huyu Malkia wa Sabaa alikosea wapi katika kutawala kwake?" Adhana ya Alasiri ilikuwa inakaribia, nasi tukamjibu kwa mkato kwamba tuendelee na somo. Binti yule akanyamaza. Alikuwa miongoni mwa wanaouliza sana, na tangu siku ile hakuuliza tena. Tulipokaa kikao sisi walimu tuliona kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu letu, na kwamba jibu analostahili litolewe hapa, wazazi wote walione.

Tuanze na Sabaa yenyewe. Qur'ani haikumtaja malkia yule kwa jina; jina la Bilqis limekuja katika vitabu vya tafsiri na tarehe. Ndege Hud-hud alimletea Nabii Sulaiman (A.S.) habari kwamba amemkuta mwanamke anayewatawala watu, mwenye enzi kubwa, naye na watu wake wanalisujudia jua. Angalieni vizuri, wanafunzi: kinacholaumiwa pale ni kusujudia jua. Barua ya Nabii Sulaiman ilipomfikia, hakuikunja na kuamua peke yake. Aliwakusanya wakubwa wa nchi na kuwaomba shauri. Wao wakajivunia nguvu zao za vita kisha wakamwachia yeye uamuzi. Yeye ndiye aliyewakumbusha kwamba wafalme wakiingia mji kwa nguvu huuharibu na kuwadhalilisha watukufu wake. Akachagua kutuma zawadi kwanza, apime. Mwisho wa kisa alisilimu pamoja na Sulaiman kwa Mola wa walimwengu wote. Tukimlinganisha na Firauni, ambaye watu wake walimfuata mpaka wakazama, tunaona ni nani aliyewaongoza watu wake kwenye heri. Kwa hiyo jibu la swali la binti yetu ni hili: katika kisa kile hakulaumiwa kwa kutawala. Alilaumiwa kwa shirki, na shirki aliiacha.

Ama hadithi aliyoitaja kijana wetu, ni kweli ipo, nayo ni sahihi. Ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Sahaba Abu Bakra (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliposikia kwamba Wafursi wamemtawaza binti wa Kisra, alisema maneno yenye maana kwamba hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Hatuifichi wala hatuidharau. Wanazuoni wengi wa zamani, na wa madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, wameitegemea katika kusema kwamba Ukhalifa, yaani uongozi mkuu wa Waislamu wote, ni wa mwanamume. Lakini hao hao wanazuoni hawakukubaliana katika yaliyo chini ya hapo. Mahanafi walimruhusu mwanamke kuwa kadhi katika kesi zisizo za hudud na kisasi. Imepokewa kwamba Imam Ibn Jarir At-Tabari alimruhusu zaidi ya hapo. Na katika zama hizi Sheikh Muhammad Al-Ghazali wa Misri, aliyefariki mwaka 1996, aliandika kwamba hadithi ile iliwahusu Wafursi wa wakati ule, ambao dola yao ilikuwa imeoza kutoka ndani, na akatoa ushahidi wa kisa hiki hiki cha Malkia wa Sabaa. Wako waliompinga kwa ukali.

Mwanafunzi anayetaka kulizungumza jambo hili na alijue lote, khilafu yake pamoja. Kuchukua hadithi ya Mtume (S.A.W.) na kuifanya jiwe la kumrushia dada yako darasani si elimu, na kijana wetu ameshaambiwa hivyo kwa upole.

Sasa tuingie katika tarehe. Tutakaa zaidi kwa mwanamke mmoja wa Misri, kwa sababu habari zake ni nyingi na kwa sababu wakati wake ulikuwa mgumu.

Shajar ad-Durr, maana yake mti wa lulu, alinunuliwa akiwa mjakazi na As-Salih Ayyub, wa ukoo wa Salahuddin. Wengi wanasema asili yake ni Mturuki. As-Salih alipofungwa Karak kabla ya kupata usultani, alikuwa naye kifungoni. Alimzalia mtoto aliyeitwa Khalil, akafa mdogo, na mama akabaki na jina la Umm Khalil maisha yake yote. Mwezi Juni 1249, Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alishuka pwani ya Misri na jeshi la Msalaba, akauteka mji wa Dumyat bila ya taabu kubwa. Sultani As-Salih wakati ule alikuwa mgonjwa mahututi. Alichukuliwa mpaka Mansura ili awe karibu na jeshi, na huko akafa mwezi Novemba 1249.

Fikirini hali ilivyokuwa. Adui yumo nchini. Sultani amekufa, mtoto wake Turanshah yuko mbali sana huko Hisn Kayfa, na majemadari wakisikia tu watagombania kiti. Shajar ad-Durr aliwaita watu wawili, kamanda Fakhruddin na msimamizi mkuu wa jumba la sultani, wakakubaliana kuificha habari. Maiti ilipelekwa Cairo kwa siri kwa njia ya mto. Chakula kikaendelea kuingizwa hemani kwa Sultani kama kawaida. Amri zikatoka zikiwa na alama ya mkono wake. Wako wanaosema alikuwa ameacha karatasi nyingi alizokwisha kuzitia sahihi, na wako wanaosema mtumishi mmoja aliweza kuiga mwandiko wake. Waliouliza waliambiwa Sultani anaumwa, hawezi kuonana na mtu. Hivyo mjane yule alibeba msiba wake na nchi nzima kwa pamoja, bila ya kuweza hata kulia mbele za watu.

Habari zilivuja, lakini jeshi halikuvunjika. Februari 1250 Wafaransa waliingia Mansura wakakwama katika njia zake nyembamba, na ndugu yake Mfalme akauawa humo. Fakhruddin naye aliuawa. Mwezi Aprili jeshi la Louis lilivunjwa kabisa karibu na Fariskur na Mfalme mwenyewe akatekwa, akafungwa Mansura katika nyumba ya Ibn Luqman.

Turanshah alikuwa ameshafika, lakini aligombana na Mamluk, wale askari wa kitumwa wa baba yake, na akamdai mama yake wa kambo mali ya marehemu. Mamluk walimuua tarehe 2 Mei 1250. Ndipo wakamweka Shajar ad-Durr kuwa Sultani wa Misri, mwaka wa 648 Hijria. Sarafu zikapigwa kwa jina lake, na akaombewa dua mimbarini katika khutba za Ijumaa. Nyaraka alizitia sahihi kama mama wa Khalil. Ilikuwa katika siku zake kwamba Dumyat ilirudishwa, na Mfalme Louis akaachiwa baada ya kulipwa nusu ya fidia, dinari 400,000.

Lakini Sham hawakumkubali, na Khalifa Al-Musta'sim wa Baghdad pia hakumkubali. Wanahistoria wanasimulia kwamba Khalifa aliandika kwa kejeli: ikiwa Misri imeishiwa wanaume, atawapelekea mmoja. Basi baada ya siku 80 hivi akaolewa na Aybak, mmoja wa Mamluk, akamwachia usultani. (Khalifa yule aliyewacheka watu wa Misri aliuawa na Wamongoli mwaka 1258, na Baghdad ikateketezwa pamoja naye. Na waliowasimamisha Wamongoli huko Ain Jalut mwaka 1260 ni jeshi la hao hao Mamluk wa Misri.)

Mwisho wake hatuupambi. Kwa miaka 7 aliendelea kushika mambo mengi nyuma ya Aybak. Aybak alipotaka kuoa binti wa mtawala wa Mosul, Shajar ad-Durr aliamrisha auawe, na akauawa mwaka 1257. Siku chache baadaye yeye mwenyewe aliuawa. Imesimuliwa kwamba wajakazi wa mke wa kwanza wa Aybak walimpiga kwa mitalawanda mpaka akafa. Baadhi ya watu husema: "Mnaona? Ndiyo hatima ya mwanamke kutawala." Sisi tunawauliza: Turanshah aliuawa na nani? Aybak je? Na Qutuz, shujaa wa Ain Jalut, aliyeuawa akiwa njiani kurudi nyumbani na ushindi wake? Kuua nafsi ni dhambi kubwa, awe aliyeua mwanamume au mwanamke, na zama zile viti vya utawala vilikuwa na damu nyingi.

Kaburi alilomjengea mumewe bado lipo Cairo, limeungana na madrasa ya As-Salih, ambayo ilikuwa ya kwanza mjini humo kusomesha madhehebu zote nne. Sisi watu wa madrasa tusilipite jambo hilo.

Miaka 10 kabla ya hapo, huko Delhi, alikuwa ametawala Razia binti Iltutmish, kuanzia 1236 mpaka 1240. Baba yake aliwaangalia wanawe wa kiume akaona binti ndiye anayefaa, lakini alipokufa wakubwa wakamtawaza kaka mtu. Kaka alitawala miezi tu, akiwa katika starehe. Razia alikwenda mbele ya watu wa Delhi siku ya Ijumaa, katika mavazi ya mtu aliyedhulumiwa, akawaomba haki, nao wakamweka kitini. Alipanda ndovu hadharani na kuongoza jeshi. Kilichowaudhi zaidi wakubwa wa Kituruki ni kumpa cheo cha kusimamia mafarasi Yaqut, ambaye alikuwa Mhabeshi, mtu mweusi wa bara letu hili. Waliasi, wakamuua Yaqut, na Razia naye akauawa mwaka 1240. Kadhi Minhaj Siraj, aliyekuwa Delhi zama hizo, alimsifu kwa uadilifu na ukarimu, akaandika kwamba sifa zote za mfalme alikuwa nazo, ila hakuzaliwa mwanamume, basi zikamfaa nini? Kauli hiyo tumeizungumza sana ofisini, na hatujamaliza.

Yemen ilikuwa na Arwa As-Sulayhi, aliyefariki mwaka 1138 baada ya kushika hatamu kwa zaidi ya miaka 50. Alikuwa wa madhehebu ya Ismailia, si yetu, lakini tarehe ni tarehe. Inasimuliwa kwamba alimtaka mumewe awaite watu wa Sanaa wakusanyike, akaona panga na mikuki tu. Kisha akawaita wa Jibla, akaona mtu anaswaga kondoo, mwingine amebeba samli, mwingine asali. Arwa akasema kuishi na hawa ni bora, na makao makuu yakahamia Jibla. Msikiti wake upo huko, na kaburi lake limo ndani.

Na wale wanaodhani kwamba nchi za Shafi hazikujua jambo hili, watazame Aceh, kule Sumatra. Wanawake wanne walitawala kwa kufuatana kutoka 1641 mpaka 1699. Wa kwanza, Safiatuddin, alikaa miaka 34. Sheikh Abdurrauf wa Singkil, aliyesoma Makka, Madina na Yemen kwa miaka 19, alirudi akawatumikia masultani hao wa kike, na kwa ombi la Safiatuddin aliandika kitabu cha fiqhi. Ni huyo huyo aliyeandika tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kimalei. Wa mwisho wao aliondolewa, na inasemwa kwamba ilikuja barua kutoka Makka kukataa utawala wa wanawake. Kwa hiyo khilafu tuliyoitaja juu ilikuwapo huko pia, na masheikh walikuwamo pande zote mbili.

Pwani yetu nayo ina yake. Katika karne ya 17 Unguja ilikuwa na Mwana Mwema, aliyeshirikiana na Waomani dhidi ya Wareno. Mwishoni mwa karne hiyo alikuwapo Fatuma, ambaye kinyume chake aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa Fort Jesus, Mombasa, baina ya 1696 na 1698, na Waomani waliposhinda wakamchukua Muscat. Hatumsifu kwa hilo. Tunasema tu alikuwapo na alitawala. Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Na tarehe 19 Machi 2021 wengi wetu tulimwona Bi Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, akila kiapo cha Urais wa Tanzania na Qur'ani mkononi.

Kazi ya likizo kwa darasa la tano na la sita ni kusoma Surat An-Naml kuanzia aya ya 20 mpaka ya 44 pamoja na mzazi, kisha kuandika ukurasa mmoja: Malkia wa Sabaa aliulizaje shauri, na Umm Salama (R.A.) alimshauri nini Mtume (S.A.W.) siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, pale masahaba walipochelewa kuchinja na kunyoa? Kijana aliyeanzisha mjadala atasoma karatasi yake wa kwanza. Na binti yetu, kama bado ana swali, mlango wa ofisi ya walimu uko wazi kila siku baada ya Alasiri, na safari hii hatutamwambia tuendelee na somo.