Usafi wa Ghala: Namna ya Kuizuia Sumu ya Kuvu Nyumbani

Mkulima hulima kwa jasho, hupalilia, hulinda ndege na nyani, na mwisho huvuna. Watu wengi hudhani ya kuwa mahindi yakiisha kuingia nyumbani, kazi imekwisha. Sivyo. Yuko adui mwingine asiyekuja kwa miguu wala kwa mabawa, naye ni kuvu.

Kuvu hukaa katika udongo, katika vumbi na katika masazo ya mavuno ya zamani. Ikipata unyevu na joto humea juu ya mahindi na karanga, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kuchemsha au kukaanga. Ugali wa unga mbaya, hata ukiiva vizuri, ni mbaya vile vile. Alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini, na huenda akapata saratani. Alaye nyingi kwa muda mfupi huenda macho yakawa manjano, tumbo likavimba, naye akafa.

Mambo haya yametokea kwetu. Mwaka 2004 katika Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, na 125 katika hao wakafa. Wataalamu walipochunguza waliona ya kuwa hatari ilizidi kwa wale walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zao. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania.

Basi, kwa kuwa moto hauiondoi sumu, yafaa kuizuia isizaliwe. Fanya hivi:

1. Kabla ya kuvuna, toa ghalani masazo yote ya mwaka uliopita. Fagia dari, kuta na sakafu, ukijifunga kitambaa puani. Takataka zichome moto mbali na nyumba. Ziba mahali panapovuja.

2. Kung'uta magunia ya zamani, yafue, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Usitumie kamwe gunia au debe lililotiwa dawa ya shamba.

3. Usiyamwage mahindi juu ya ardhi tupu. Yaanike juu ya mkeka, turubai au kichanja, na jioni yafunike yasipate umande.

4. Yapime kama yamekauka. Tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, ongeza konzi ya mahindi, tikisa sana, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kando ya chupa, mahindi yangali na maji, yaanike tena. Isipoganda, yaanike siku moja zaidi kwa usalama, ndipo uyatie ghalani.

5. Weka magunia juu ya mbao au magogo, mbali na ukuta, ili hewa ipite. Yatazame mara kwa mara. Ukiona joto, unyevu au wadudu, yatoe nje upesi.

6. Kabla ya kusaga, peta na kuchagua. Ondoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kisha koboa, kwa maana sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini.

Tena angalia neno moja ambalo wengi husahau. Punje mbaya ulizozitenga usiwape kuku wala ng'ombe, wala usizipikie pombe. Ng'ombe akila sumu, sehemu yake huingia katika maziwa, nayo hurudi kwa watoto wako. Chimba shimo mbali na kisima, uzifukie.

Kazi hizi hazitaki fedha nyingi. Zataka ufagio, jua, mkeka na macho ya mwenye nyumba. Wafundishe watoto nao, maana ndio wanaotumwa ghalani kila siku. Kufukia debe la mahindi mabaya ni hasara, walakini shamba laweza kuilipa hasara hiyo mwakani. Uhai wa mtu haulipiki.