Mbwa Husema kwa Mwili Wake

Mwenye nyumba arudipo jioni na kukuta nyama imeliwa, humtazama mbwa wake. Mbwa hulaza masikio, hufyata mkia na kukwepesha macho. Basi mwenyewe husema, "Mwizi amejionyesha," akashika fimbo. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mwaka 2009 mtaalamu wa tabia za mbwa, Bibi Alexandra Horowitz wa New York, Marekani, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake wa jambo hilo. Mbwa 14 walijaribiwa mmoja mmoja. Mwenye mbwa alimkataza kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au la, lakini mara nyingine habari aliyopewa haikuwa ya kweli. Ilionekana kwamba mbwa alifanya uso wa mkosaji zaidi alipokemewa, ikiwa amekula au hakula. Maana yake ni kwamba uso ule si ungamo la kosa. Mbwa ameona hasira ya bwana wake.

Si kwamba mbwa ni mjinga. Chaser, mbwa jike wa South Carolina, Marekani, alifundishwa na Profesa John Pilley majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000, akaweza kuvileta kwa kutajiwa majina yake. Habari zake ziliandikwa na wataalamu mwaka 2011.

Lakini mbwa husema zaidi kwa mwili kuliko kwa sauti. Mkia utikisikao si furaha daima: ukiinuliwa juu na kukakamaa, huweza kuwa onyo. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo pasipo chakula, na kugeuza kichwa pembeni, mara nyingi ni dalili za wasiwasi. Kunguruma ni kusema, "Usinikaribie."

Mbwa apigwaye kila angurumapo hujifunza kunyamaza, lakini hofu yake haiondoki. Kimya kingi kina mshindo mkuu: siku moja huenda akauma bila kuonya, na pengine atakayeumwa ni mtoto wa nyumbani.

Kwa hiyo yafaa watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, na kurudi nyuma polepole angurumapo. Mbwa naye achanjwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo; kwa maana kichaa cha mbwa huzuiwa kwa sindano kabla ya dalili kutokea, bali zikisha kutokea ni nadra sana mtu kupona.

Mbwa husoma uso wa bwana wake kila siku. Ni haki bwana naye ajifunze kuusoma mwili wa mbwa wake, kabla hajashika fimbo.