Namna ya Kutafuta Mizunguko ya Tabianchi Katika Chokaa ya Baharini

Ukiwa Malaba, Mwamba wa Tororo unauona ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Mawe ya chokaa ya Tororo yamechimbwa kwa ajili ya saruji miaka mingi, na ukiyasaga kisha ukayadondoshea siki yatatoa povu sawa na chokaa ya baharini. Hata hivyo usihangaike kutafuta humo mizunguko ya tabianchi. Chokaa hiyo ilitokana na volkano, haikutuama tabaka juu ya tabaka. Visima vya maji vya Busia navyo vimetoboa miamba migumu ya kale isiyo na habari hiyo.

Mwanafunzi wa jiolojia wa huku mpakani atumie vipimo vya visima vya baharini, vinavyopatikana bure mtandaoni. Mwaka 1987 meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilichimba mgongo wa Owen, ulio chini ya bahari karibu na Oman, kwenye matope ya chokaa yanayohifadhi historia ya upepo wa kusi. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chukua kwanza kipimo cha miale ya gama. Chokaa safi husoma chini, udongo wa mfinyanzi husoma juu, kwa hiyo mstari unaopanda na kushuka unakuonyesha vumbi na udongo vikiongezeka na kupungua. Ondoa sehemu iliyopimwa ndani ya bomba la kuchimbia, maana chuma hupunguza miale. Tazama pia kipimo cha kipenyo: kisima kilipobomoka na kupanuka, usiamini namba zake.

Sasa piga hesabu kabla ya kufungua programu. Mizunguko ya tabianchi unayoitafuta hutokana na mwendo wa dunia: athari ya kuyumba kwa mhimili wa dunia hujirudia kila miaka 19,000 hadi 23,000, ya mwinamo wake kila miaka 41,000, na ya umbo la njia yake kuzunguka jua kila miaka takriban 100,000 na 405,000. Mashapo yakituama sentimita 2 kila miaka 1,000, mizunguko hiyo itakuwa na urefu wa takriban sentimita 40, sentimita 82, mita 2 na mita 8. Kifaa cha kawaida cha gama hupima kila sentimita 15 na huchanganya mwamba wa sentimita 30 au zaidi kwa mara moja. Basi ule wa sentimita 40 usiutegemee. Kwa huo tafuta picha za ukinzani wa umeme, zinazoona hadi chini ya sentimita moja.

Programu ya Acycle au astrochron itakuchorea grafu yenye vilele, kila kilele kikionyesha urefu wa mzunguko unaowezekana. Hapa ndipo wengi huteleza: kilele kimoja hakithibitishi lolote, kwani hata kelele tupu huwa na vilele. Tafuta uwiano wa karibu 20:5:2:1 kati ya urefu wa mizunguko katika kisima kimoja, kisha uulinganishe na umri uliopatikana kwa njia nyingine, kama visukuku au usumaku wa mashapo. Ukinyoosha data ili ilingane na mizunguko, usiitumie tena kuthibitisha mizunguko hiyohiyo.

Kenya tuna mfano uliopimwa kwa uangalifu huo. Katika miamba ya Chemeron, Baringo, tabaka za maganda ya mwani wa ziwa la kale hujirudia kila miaka 23,000 hivi, na umri wake ulitokana na majivu ya volkano. Usome mfano huo kabla ya kufungua data yako ya kwanza.