Pikipiki ya Mkahawani, na Pistoni Niliyoitoboa

Wenzangu wa bwenini wameniuliza mara nyingi ile picha iliyobandikwa ndani ya kabati langu ni ya nini: pikipiki kuukuu, haina madigadi ya maana, usukani umeshuka chini kama pembe za beberu anayetaka kupigana. Mwalimu wetu wa Fizikia naye aliiona siku ya ukaguzi. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kama naijua hesabu yake, niiandike gazetini ili wengine wafaidike. Basi nimetii.

Pikipiki ya namna hiyo huitwa kafe resa, nasi twaweza kuiita pikipiki ya mkahawani. Asili yake ni Uingereza katika miaka ya 1950. Kando ya barabara ya North Circular, mjini London, upo mkahawa uitwao Ace Cafe. Ulifunguliwa 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukapigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, na mwaka 2001 ukafunguliwa tena. Hapo ndipo vijana wa kazi za viwandani walipokutana jioni na pikipiki zao. Fedha za kununua pikipiki za mashindano hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni pikipiki za kawaida za kwendea kazini, spana, na shabaha moja: kufika maili 100 kwa saa, yaani kilometa 161. Husimuliwa kwamba mtu aliweka wimbo katika gramafoni ya mkahawa, akatoka mbio hadi mahali fulani, akarudi kabla wimbo haujakwisha. Mimi nina shaka kidogo na hadithi hiyo. Lakini kwamba wengi walikufa barabarani, hilo halina shaka. Padri mmoja wa Kanisa la Anglikana, William Shergold, aliwafuata hukohuko Ace Cafe akawaalika kanisani mwaka 1962, nao wakaja na pikipiki zao.

Pikipiki iliyosifiwa kuliko zote haikutoka katika kiwanda chochote. Iliitwa Triton, maana ilikuwa na injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Sababu yake ni nzuri kwa mwanafunzi kuijua. Injini ya Triumph ya silinda mbili ilikuwa na nguvu na ilikubali kuongezwa nguvu zaidi, lakini fremu yake iliyumba katika kona. Kwa upande wa pili Norton walikuwa na fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ambayo ilitumika katika mashindano tangu 1950. Mwendeshaji wao Harold Daniell aliisifu kwamba ni kama kulala kitandani kwenye godoro la manyoya ya ndege, na jina la Featherbed likabaki. Geoff Duke akaishindia mbio za Senior TT katika Isle of Man mwaka huohuo. Kijana aliyechukua kilicho bora kwa huyu na kilicho bora kwa yule akaviunga, alikuwa na chombo ambacho hakuna kiwanda kilichomwuzia.

Sasa nije kwa ile ya pichani. Mjomba wangu ni fundi mitambo karibu na Muheza. Shamba moja la mkonge lilishindwa kumlipa fedha taslimu kwa kutengeneza pampu, likampa pikipiki iliyokuwa imelala ghalani miaka mingi: Triumph Thunderbird ya 1956. Kabureta yake ya asili ilikwisha potea, mtu akaweka ya Amal. Mjomba alipata mnunuzi wa Dar es Salaam aliyetaka igeuzwe kuwa ya mkahawani, na akataka aione kabla ya katikati ya Januari. Mimi nilifika likizo ya Desemba, nikavaa ovaroli.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba adui wa mwendo si uzito bali ni upepo. Uzito hukuchelewesha kuondoka tu. Nguvu inayotakiwa kuusukuma upepo huongezeka kwa mwendo uliozidishwa mara tatu. Tuseme pikipiki inakwenda maili 80 kwa saa nawe unataka 100. Gawanya 100 kwa 80, utapata 1.25. Zidisha 1.25 kwa 1.25 kwa 1.25, utapata 1.95. Maana yake, kwa nyongeza ya maili 20 tu yakupasa uwe na nguvu karibu maradufu za kuushinda upepo! Ndiyo sababu usukani umeshushwa ukafungwa kwenye miguu ya foku, na vikanyagio vimesogezwa nyuma: ni ili mwendeshaji alale. Mwaka 1948 Mmarekani Rollie Free alikwenda zaidi ya maili 150 kwa saa juu ya pikipiki ya Vincent katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, amelala kifudifudi, miguu imenyooka nyuma, na mwilini amevaa kaptula ya kuogelea tu, kwa kuwa nguo zake zilikuwa zikishika upepo. Triumph wenyewe waliipa pikipiki yao ya 1959 jina la uwanda huo.

Kwa hiyo tulianza na usukani. Katika Thunderbird taa ya mbele imefunikwa na bati kubwa ambalo usukani hupita ndani yake. Ukitaka usukani wa chini, bati lote hutoka na taa mpya hutafutwa. Tuliondoa pia madigadi, kiti, viti vya abiria vya miguu na sailensa mbili. Vyote tulivipima kwenye mizani ya mkonge, vikawa kilo 19. Vikanyagio vya nyuma alivichonga fundi kerezo. Hapo yafaa kuangalia: ukigeuza mkono wa gia uelekee nyuma, gia nazo hugeuka, ya juu ikawa ya chini, na mguu usiozoea utakosea siku ya hatari.

Kisha tukaja kwenye injini, na ubishi wangu ukaanza. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 71 na pistoni husafiri milimita 82. Eneo la duara ni sentimita mraba 39.6, zidisha kwa 8.2, utapata sentimita za ujazo 324.6 kwa silinda moja, na 649 kwa mbili. Uwiano wa mbano ni 7 kwa 1. Watengenezaji waliuweka hivyo kwa kuwa Uingereza baada ya vita ilitumia petroli hafifu hadi 1953. Bonneville iliyofuata ilikuwa 8.5 kwa 1. Nikamwambia Mjomba, tuikate hedi ili nasi tufike 8.5.

“Piga hesabu kwanza, mpwa wangu,” alisema, akaendelea kuosha cheni.

Nikapiga. Kwa mbano wa 7, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni 324.6 gawanya kwa 6, yaani sentimita za ujazo 54.1. Kwa 8.5 ni 324.6 gawanya kwa 7.5, yaani 43.3. Yatakiwa kupunguza 10.8. Gawanya kwa eneo la silinda, 39.6: ni milimita 2.7 za kukata. Hedi haivumilii ukataji wa namna hiyo. Valvu zitaikaribia pistoni na vijiti vya kuzisukuma vitakuwa virefu mno. Ndiyo maana wenye kutaka mbano mkubwa hununua pistoni zenye kichwa cha mlima badala ya kukata hedi. Nilinyamaza. Pistoni zikabaki zilezile.

Hesabu ya gia ilinifurahisha zaidi. Sproketi ya injini ina meno 24, ya klachi 43, ya giaboksi 18, ya gurudumu 46. Gawanya 43 kwa 24, zidisha kwa 46 gawanya kwa 18: ni 4.58. Injini huzunguka mara 4.58 kila gurudumu linapozunguka mara moja katika gia ya nne. Tulipiga tairi alama ya chaki, tukaisukuma pikipiki mzunguko mmoja uani, tukapima mita 2.08. Kwa maili 100 kwa saa gurudumu lazunguka mara 1,290 kwa dakika, na injini mara 5,900 hivi. Yaani gia zinaruhusu. Swali ni kama injini ina pumzi ya kuusukuma upepo kwa mzunguko huo.

Kuipa pumzi ndiko kulikonitia matatani. Tulikuwa tumeondoa sailensa, na mimi nikaondoa chujio la hewa. Injini sasa ilivuta hewa kwa wepesi kuliko kwanza. Lakini petroli hupita katika tundu dogo la kabureta liitwalo jeti, na tundu lile halikubadilika. Gramu moja ya petroli huungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa. Kwa nguvu nyingi mafundi huongeza petroli kidogo, kiasi cha gramu moja kwa 13 za hewa. Ikizidi hewa, moto huwa mkali katika injini inayofanya kazi nzito, na hakuna petroli ya ziada ya kuupoza. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za sentigredi. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Pistoni huokoka kwa sababu joto lake hukimbilia ukutani mwa silinda kupitia ringi, na kwa sababu moto haudumu. Ukivuruga mizani hiyo, haiokoki.

Dawa yake ni kusoma plagi. Unakimbiza pikipiki kwa gia ya nne, unazima na kukamata klachi kwa wakati mmoja, unasimama, unafungua plagi. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Rangi ya kahawa ya maziwa, ni sawa. Mjomba alinionyesha, akaniachia kazi hiyo alipokwenda Tanga kununua viatu vya breki. Ilikuwa siku tatu kabla ya mnunuzi kuja. Niliizungusha pikipiki mara mbili katika njia ya shamba, ikalia vizuri, nikaona uvivu kuchoma vidole kwa plagi za moto. Aliporudi akaniuliza, “Plagi umezitazama?” Nikasema nimezitazama.

Asubuhi yake aliipanda mwenyewe. Njia ile ni nyoofu kati ya mkonge, gari hazipiti, na meneja alitupa ruhusa. Nilisikia sauti ikipanda, gia ya tatu, ya nne, kisha kukawa na mlio kama wa kopo lenye misumari, halafu kimya. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekamata. Vumbi lilipotulia nilimwona amesimama kando ya pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani, mkono wa kushoto ungali umebana klachi. Huo mkono ndio uliomwokoa. Alikuwa na desturi ya kuweka vidole viwili juu ya klachi kila ajaribupo injini asiyoiamini.

Hakusema neno mpaka gereji. Akafungua plagi ya kushoto. Ilikuwa nyeupe, na ncha yake ina vitone vya alumini. Akafungua hedi: katikati ya pistoni palikuwa na tundu ambalo kidole changu kidogo kiliingia. Ndipo akaniuliza tena swali lilelile la jana. Nikamwambia kweli. Akanipa kitambaa nifute meza, akaenda kumpigia simu mnunuzi. Mnunuzi akaghairi. Pistoni mbili mpya na ringi ziliagizwa Uingereza, nami nikarudi shule bila kuisikia tena injini ile.

Likizo ya Juni nilipofika, Mjomba alikuwa amekwisha ifunga. Breki alizifanya kabla ya yote, na sababu yake ni hesabu ile ile ya kuzidisha: nguvu ya kuzuiwa huongezeka kwa mwendo mara mwendo, hivyo anayetoka 80 kwenda 120 anazidai breki zake zaidi ya maradufu. Bushi za mkono wa nyuma alizibadili pia, na kuyumba kukapungua, ingawa Featherbed haikuwa. Chujio la hewa lilirudi mahali pake. Sailensa tulizirudisha pia, maana makelele yalikuwa yameanza kumkera imamu wa kijijini, naye alikuwa na haki.

Jeti niliachiwa tena mimi. Jeti za Amal zina namba, na namba ni kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika katika sentimita za ujazo. Iliyotoboa pistoni ilikuwa 220. Nilianza na 270, salama kwanza: plagi ikatoka nyeusi kama chungu. Nikaweka 260: nyeusi bado, lakini pembeni tu. Kwa 250 ikatoka kahawa ya maziwa, zote mbili, kushoto na kulia. Kila mara nilimpelekea Mjomba plagi zenyewe mkononi, ingali moto, ndani ya kitambaa. Hakuniomba nifanye hivyo.

Siku ya mwisho ya likizo tulipima kilometa moja ya njia ile kwa kamba, nikasimama mwisho na saa. Alipita kwa sekunde 29, yaani kilometa 124 kwa saa. Nilimwuliza kwa nini hakuilaza zaidi, maana injini ilikuwa bado na pumzi. Alisema amesikia alichotaka kusikia. Pikipiki sasa iko gerejini, haijauzwa, na pistoni iliyotoboka ameitundika kwa waya juu ya meza ya kazi, upande ninaosimama mimi.