Namba za Mahali pa Shamba Lako

Mkulima akipiga simu usiku kusema kwamba ng'ombe wake ameshindwa kuzaa, swali la kwanza la daktari wa mifugo ni hili: "Uko wapi?" Katika skimu za makazi jibu si rahisi. Mashamba yamefuatana kama matuta, na njia nyingi hazina kibao. "Pita mti mkubwa, kisha uliza" si neno la kumsaidia mtu ajaye gizani. Hata hivyo kila mahali duniani pana namba mbili ambazo, zikitajwa pamoja, si za mahali pengine popote. Mwezi huu tujifunze kuzisoma.

Fikiri shamba la mahindi. Ukimwambia kibarua, "Palilia shina la tisa katika mstari wa nne," atalifikia bila kuuliza tena. Wachora ramani nao wameipangia dunia mistari ya namna hiyo, ila haionekani kwa macho. Mistari ilalayo toka mashariki hata magharibi huitwa latitudo. Huhesabiwa kutoka Ikweta, ambayo ni 0, mpaka 90 kwenye ncha ya kaskazini na 90 kwenye ncha ya kusini. Mistari itokayo ncha moja hata ncha ya pili huitwa longitudo. Hiyo haina mwanzo wa asili kama Ikweta, basi ilibidi watu wapatane. Katika mkutano wa Washington mwaka 1884, mataifa mengi yaliyohudhuria yalikubali kuhesabu kutoka Greenwich, London: 180 kwenda mashariki na 180 kwenda magharibi.

Kipimo chake ni digrii, na kila digrii ina dakika 60. Dakika hizi si za saa. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, na dakika moja ni karibu kilomita 1.85. Longitudo ndiyo sababu jua hufika utosini Mombasa kama dakika 20 za saa kabla ya Kisumu, ingawa saa za ukutani zasema mamoja.

Sasa shikeni neno hili, maana lawahusu wakulima wa Kenya kuliko wengi. Ikweta yapita katikati ya nchi yetu: hupita Maseno, na karibu na Nyahururu na Nanyuki. Kwa hiyo namba ya latitudo peke yake haitoshi. Ni lazima useme kaskazini au kusini. Lugari iko karibu digrii 0 dakika 40 kaskazini. Kinangop iko karibu digrii 0 dakika 40 kusini. Namba ni ile ile! Mkulima wa Kinangop akisahau neno "kusini", daktari atatafuta mahali palipo karibu kilomita 148 upande wa kaskazini, huko ng'ambo ya Rumuruti, na ndama hatamngoja.

Simu zenye ramani huonyesha namba hizi, lakini mara nyingi haziandiki dakika wala neno kusini. Huandika desimali, na kusini huwa ni alama ya kutoa. Kinangop basi yaweza kuandikwa -0.67, 36.6. Latitudo hutangulia. Ukizigeuza, ukaanza na 36.6, utakuwa umempeleka daktari katika Bahari ya Mediterania, kati ya Hispania na Aljeria. Simama penye uwazi, si chini ya mabati, uchukue tarakimu nne baada ya nukta. Ile ya nne ni mita 11 tu. Kisha ziandike kwa wino karibu na mlango, ili mama au mtoto aliyebaki nyumbani aweze kuzisoma kwenye simu. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, waliowatafuta walitumia namba kama hizi kupeleka habari za mahali makundi yalipotua.

Lakini msizitumie kugombania mpaka. Simu nzuri, hata penye uwazi, hukosea mita 5 hivi, na ndugu wamekwisha kushtakiana kwa chini ya hapo. Mpaka ni kazi ya mpima ardhi, na ugomvi wake hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Tena, mwenye ramani ya serikali ya miaka ya 1960 asishangae akiona haipatani na simu. Ramani hizo zilichorwa kwa hesabu nyingine ya umbo la dunia, na tofauti hapa kwetu hufika kama mita 300. Si mawe ya mpaka yaliyohama.

Zoezi: Simu yasema 0.67, 34.9. Je, uko Lugari au Kinangop? Na namba ya pili yathibitishaje jibu lako? Ukiisha kujibu, toka nje utafute namba za kwako.