SOMO LA WIKI: Kadi mpya, draiva za zamani na hasara ya bure

MPANDA. Mvua zinapokatika na mazao kuanza kuingia sokoni, fedha huzunguka katika mji wa Mpanda. Tumbaku, mpunga, mahindi na ufuta huleta wanunuzi, na nyuma yao hufuata biashara ndogo: steshenari za kuchapa mikataba na mabango, studio za picha na video za harusi, maduka ya jumla ambayo hesabu zake ziko kwenye kompyuta. Ndio wakati ambao mwenye biashara huona kompyuta yake inamchelewesha, akaamua kubadili kadi ya picha. Ndio wakati huohuo ambao monita ikizima kwa siku mbili, pengo huonekana kwenye daftari la mauzo.

Kadi ya picha ni kifaa ndani ya kompyuta kinachotengeneza kila kinachoonekana kwenye monita. Haifanyi kazi peke yake. Huhitaji programu ya kuiongoza, ambayo mafundi huiita draiva. Kadi ikichomolewa, draiva yake haitoki nayo. Hubaki kwenye diski, pamoja na mipangilio na programu ndogo zinazojiwasha kila kompyuta inapowashwa. Ni sawa na mwenye ghala aliyemwachisha kazi mtunza ghala lakini akamwachia funguo. Mara nyingi hakuna linalotokea. Siku nyingine watu wawili hugombea mlango mmoja: picha inakatikakatika, programu zinajifunga, au monita inakuwa nyeusi.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano. Studio moja imenunua kadi kwa Sh. 300,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa siku huingiza Sh. 40,000. Kadi inafungwa, monita inakuwa nyeusi, na mwenye studio anaamini ameuziwa kadi mbovu. Anaituma kwa muuzaji. Usafirishaji kwenda na kurudi ni Sh. 30,000, na siku 7 bila kazi ni Sh. 280,000. Jumla ni Sh. 310,000, zaidi ya bei ya kadi yenyewe. Ikiwa kosa lilikuwa draiva ya zamani, saa moja ya kazi ingeokoa fedha zote hizo.

Kwa hiyo, swali la kwanza si nani alaumiwe, bali kosa liko wapi. Kipimo chake hakina gharama. Kompyuta iwashwe, na macho yaelekezwe kwenye sekunde za mwanzo. Kama nembo ya mtengenezaji wa kompyuta inaonekana vizuri, kisha picha inapotea Windows inapoanza kufunguka, wa kushukiwa kwanza ni draiva. Kama hakuna kinachoonekana tangu mwanzo, draiva haihusiki, kwa sababu wakati huo bado haijaamshwa. Hapo itazamwe waya, pawa saplai, au kadi yenyewe. Waya wa monita hasa ukaguliwe: wengi huuacha kwenye tundu la zamani la madabodi badala ya kuuchomeka kwenye kadi mpya.

Nani anapaswa kufuta

Si kila anayebadili kadi analazimika kufanya usafi mkubwa. Anayetoka kadi ya Nvidia kwenda nyingine ya Nvidia, kwa kawaida hutosheka kuweka draiva mpya na kuchagua njia ya kusafisha mipangilio ya zamani wakati wa kuiweka. Anayehama kutoka Nvidia kwenda AMD, au kinyume chake, ndiye anayeshauriwa kufuta kwanza. Wenye kadi zilizoandikwa ATI wakumbuke kwamba kampuni hiyo ilinunuliwa na AMD mwaka 2006, hivyo draiva zake hutafutwa huko.

Mnunuzi wa kadi za mitumba ana jambo la ziada. Draiva mpya kabisa si lazima iifae kadi ya zamani. Mwaka 2021 Nvidia iliacha kutoa draiva mpya za kawaida kwa kadi zake za kizazi cha Kepler, ambazo ni nyingi katika mifululizo ya GeForce GTX 600 na 700. Kadi ya namna hiyo bado inaweza kufanya kazi, lakini thamani yake sokoni isihesabiwe kama ya kadi ambayo bado inahudumiwa.

Hatua kwa utaratibu

1. Nakili hesabu za biashara na kazi za wateja kwenye flashi au diski ya nje. Hakikisha nenosiri la Windows linafahamika, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa akiba uwe umeandikwa mahali.

2. Pakua draiva ya kadi mpya mapema, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, na uiweke kwenye flashi. Kisha kata intaneti. Intaneti ikiachwa, Windows inaweza kujiletea draiva yake katikati ya kazi.

3. Kadi ya zamani ikiwa bado ndani, fungua orodha ya programu zilizowekwa, tafuta zenye jina la Nvidia au AMD zinazohusu picha, na uziondoe. Kompyuta ikiwaka upya, maandishi yanaweza kuwa makubwa na picha hafifu. Hilo si ubovu. Windows inatumia draiva yake ya msingi. Mafundi wa enzi za Windows 95 nao walikuwa wakiirudisha kompyuta kwenye draiva ya kawaida ya VGA kabla ya kubadili kadi.

4. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha badilisha kadi.

5. Weka draiva mpya, washa upya, ndipo urudishe intaneti.

Matatizo yakiendelea, ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, na AMD ina yake iitwayo AMD Cleanup Utility. Hizi hutumika katika hali ya "Safe Mode", ambayo hufikiwa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua "Restart". Hakuna sababu ya kulipia programu nyingine zinazojitangaza kusafisha draiva. Kufuta mafaili kwa mkono ndani ya folda za Windows ni hatari zaidi ya tatizo lenyewe. Vilevile, draiva za Intel zisiguswe bila sababu. Kompyuta nyingi za ofisi zina sehemu ya picha ndani ya prosesa, nayo huweza kuwa msaada kadi inapogoma.

Umeme na umri wa kompyuta

Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO, na wafanyabiashara wake wanajua maana ya umeme kukatika kazini. Umeme ukikatika draiva inapowekwa, kazi hubaki nusu na matatizo huanza upya. UPS ndogo, hata inayodumu dakika 10, inatosha kumaliza hatua hiyo.

Pawa saplai nayo itazamwe kabla ya kununua. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka pawa saplai, na kompyuta nyingi za mitumba kutoka maofisini hazina waya huo. Tena, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta haiwezi kupokea Windows 11, mwenye mtaji mdogo apige hesabu kama kadi mpya ni uwekezaji au ni kiraka.

Baada ya kazi, jina la kadi, toleo la draiva na tarehe viandikwe kwenye daftari la mali za biashara. Siku kadi hiyo itakapobadilishwa au kuuzwa, fundi atajua cha kufuta na mnunuzi atajua anachonunua.